Ukuta wa mawe Mikindani unatoa chumvi na kubandua rangi, nianzie wapi?

Mjukuu wa Mikindani
Wakuu, habari za jioni. Nyumba ya bibi huku Mikindani ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, juu boriti za mikoko. Miaka ya nyuma ilipigwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta. Sasa sebuleni, kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, kuna madoa ya kahawia na unga mweupe, na ukigonga lipu inalia tupu. Nyuma ya kabati ukungu mweusi. Fundi anasema tupige saruji nyingine juu, tuchanganye na dawa ya kuzuia maji. Hela yenyewe ni ya korosho, ikiisha nasubiri msimu ujao. Mnasemaje?

Fundi Chokaa
Dada, huyo fundi mwambie asubiri kwanza. Saruji ndiyo iliyokuletea balaa. Mawe yananyonya maji kutoka ardhini, na zamani yalikuwa yanatokea kwenye chokaa na kukauka kwa upepo. Ukiziba kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yanapanda juu zaidi, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11, ni mawe na chokaa vilevile.

Kabla ya tindo, zunguka nje. Udongo umepanda juu ya sakafu ya ndani? Maji ya bati yanamwagika ukutani? Chimbua, yaelekeze mbali. Bila hilo utapaka rangi kila mwaka.

Kisha bandua lipu yote iliyolegea, uende kama nusu mita kupita doa. Chumvi isugue kwa brashi kavu, ifagie na kuitupa nje. Usiioshe, ikiyeyuka inarudi ndani ya jiwe. Halafu acha ukuta wazi kiangazi chote, madirisha wazi. Hapa ndipo watu wanashindwa, wageni wa harusi wakikaribia wanauziba kabla haujakauka.

Mama Ligula
Huo ukungu je? Mimi napaka jiki naendelea.

Fundi Chokaa
Jiki sawa mama, kipimo kimoja kwa maji manne, mlango wazi, na usichanganye na dawa ya choo, hewa yake ni sumu. Ila itafuta weusi tu. Maji yakibaki, ukungu unarudi.

Mjukuu wa Mikindani
Nitajuaje umekauka? Na lipu yenyewe nichanganye vipi?

Fundi Chokaa
Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa gundi, kikae siku nzima. Jasho likitokea upande wa ukutani, bado.

Lipu: chokaa iliyozimwa vizuri, yaani iliyokwisha kulowekwa kwa maji, kipimo kimoja, mchanga vitatu. Lowesha ukuta kidogo, piga tabaka jembamba, liache lishike ndiyo uongeze la pili, na ulikinge na jua kali. Vaa miwani, chokaa inaunguza macho. Juu paka chokaa ya maji, mikono kadhaa myepesi. Rangi ya mafuta hapana.

Mchanga wa ufukweni usiuguse hata ukiletewa bure. Nunua wa mtoni, na anayekuuzia muulize ameuchota wapi.