Nizunguke vipi msitu wa Kakamega bila tope kunivunjia gia tena?

Mpanda Kondele

Habari zenu wanabaiskeli. Mimi naishi Kondele, Kisumu. Nikipata Jumamosi ya bure, napandisha baiskeli kwenye keria ya matatu mpaka Khayega, kisha napiga pedali hadi Shinyalu na kuingia msituni Isecheno. Namchukua mwongozaji, naye ana baiskeli yake, tunazunguka. Tunapita njia za ndani hadi chini ya kilima cha Lirhanda, tunaziacha baiskeli na kupanda kwa miguu tuutazame msitu kutoka juu, halafu tunarudi kwa njia nyingine inayotokea ukingoni, kwenye ukanda wa majani chai. Napenda mzunguko huo kuliko safari yoyote niliyowahi kufanya kwa magurudumu mawili. Ukitoka kwenye jua la barabara na kuingia chini ya miti ile, jasho linakauka mgongoni papo hapo, na mbega wanaruka juu yako na mikia yao meupe.

Sasa shida. Mwezi wa tano mvua ilitukuta saa nane mchana tukiwa mbali na lango. Udongo mwekundu ulichanganyika na majani yaliyoanguka, ukajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu la nyuma likagoma. Nikasimama kwenye pedali nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Nikasikia "ta!" Gia ya nyuma ilikuwa imeingia kwenye spoki, spoki tatu zimekatika, cheni imejipinda. Nilisukuma baiskeli hadi Shinyalu, nikafika giza limeingia.

Baiskeli ni ya mtumba, fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 26, tairi za upana wa 2.1. Fundi mmoja wa mjini ameniambia ninunue tairi pana za 2.4 ndiyo zitashika tope. Ni kweli? Pesa ninayo ya kununua mara moja tu, kwa hiyo nawauliza kabla sijaitoa mfukoni.

Fundi wa Njiapanda

Pole sana ndugu yangu. Natengeneza baiskeli huku Khayega mwaka wa 19 sasa, na gia kama hiyo yako naletewa kila msimu wa mvua ndefu. Usinunue tairi ya 2.4.

Igeuze baiskeli chini juu, uangalie pale tairi ya nyuma inapopita kati ya paipu mbili, karibu na pedali. Ingiza kidole. Kwenye fremu nyingi za inchi 26 na tairi ya 2.1, kidole kinaingia kwa shida. Ukiweka 2.4, hata kalamu haipiti, na tope litajaa hapo kabla hujamaliza kilomita moja. Kwa udongo wetu unataka tairi nyembamba kidogo, 1.9 au hiyo hiyo 2.1, lakini meno yake yawe marefu na yaachane. Meno yakibanana, tope hukaa katikati na tairi inakuwa laini kama chapati. Yakiachana, gurudumu likizunguka linalirusha.

Upepo nao. Kama unajaza paundi 40 kwa barabara ya lami, shuka hadi 30 ukifika Isecheno. Usishuke sana kwa sababu una tyubu: ukigonga mzizi, rimu inabana tyubu na kutoboa matundu mawili yanayokaa sambamba. Hapo hautalaumu tope.

Lakini gia yako haikuvunjwa na tairi, ilivunjwa na mguu. Nasema hivi kwa upendo. Kati ya fremu na gia ya nyuma kuna kipande kidogo cha alumini laini. Kimetengenezwa kiwe dhaifu makusudi, kipinde au kivunjike chenyewe fremu ipone. Majani na tope vikiivuta gia na wewe ukaendelea kukanyaga, kipande kinapinda kwa ndani na kuisukuma gia kwenye spoki. Kwa hiyo sauti ikibadilika tu, cheni ikianza kukwaruza, SHUKA. Vunja kijiti cha mpera kilichokauka, mipera iko tele ukingoni, uchokoe tope kwenye gia na kati ya paipu. Dakika tatu tu. Na ununue kipande cha akiba. Kuna maumbo mengi, kwa hiyo beba cha zamani dukani mlinganishe matundu.

Ukirudi nyumbani usiipeleke pale wanapoosha magari kwa mashine. Maji yale ya nguvu yanaingia kwenye beringi na kuondoa grisi. Ndoo, kitambaa, mswaki wa zamani.

La mwisho ni saa. Msitu huu unapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri. Ingia saa moja asubuhi, saa sita uwe umetoka. Aprili na Mei acha kabisa. Njoo Januari.

Msafiri wa Webuye

Naongeza dogo. Ukitaka upande wa kaskazini, Buyangu, hiyo ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, si KFS, shirika la misitu, kama Isecheno. Malipo na masharti ni tofauti, kwa hiyo uliza langoni njia zipi zinaruhusu baiskeli. Na ukisimama kuchokoa tope, angalia chini kwanza. Siafu.

Mama wa Shinyalu

Wanangu, mimi sipandi baiskeli, lakini njia mnayoisema ndiyo yangu ya kuni. Tunalipia kibali, tunaokota kuni zilizokauka, tunarudi nazo kichwani. Mzigo ule ukishakaa kichwani, shingo haigeuki. Siwezi kutazama nyuma. Baiskeli zenu hazina sauti, na mnateremka kutoka Lirhanda kwa kasi. Mwaka jana kijana alinipita karibu hadi akagusa kanga yangu. Nilishtuka, mzigo ukaanguka, kamba ikakatika. Alipiga kelele "pole mama" akiwa ameshafika kwenye kona. Kuni nilizifunga upya peke yangu.

Zamani wabeba abiria wa baiskeli walikuwa na kengele. Tulikuwa tunawasikia kutoka mbali, tunakaa kando mapema. Nyinyi kwa nini hamna?

Mpanda Kondele

Mama, nisamehe. Si mimi niliyekugusa, lakini mteremko huo naujua, na nimewahi kuupita kwa kasi hiyo nikiwa sina kengele. Nimepunguza kasi kuanzia leo, na nikikuta mzigo umeanguka nitashuka niufunge.

Fundi, tairi nimeacha, nitatafuta zenye meno yaliyoachana. Nina kengele ya chuma ya baiskeli ya marehemu baba, ile ya kuzungusha kwa kidole gumba, bado inalia vizuri. Nimejaribu kuifunga katikati ya usukani, haiingii, usukani ni mnene. Niukate mkanda wake?

Fundi wa Njiapanda

Usiukate! Usukani wa baiskeli za mlimani ni mnene katikati tu. Unapokaribia mpini unapungua hadi milimita 22, na kengele za zamani zinakaa hapo. Legeza breki ya kushoto, isogeze ndani kidogo, ufunge kengele kati yake na mpini ili kidole gumba kiifikie bila kuachia breki. Weka kipande cha tyubu kuukuu chini ya mkanda isizunguke kwenye mitetemo. Ukipita Khayega nionyeshe, nitaitia mafuta.