Empanada za jibini: karai au oveni?

Mama Nuru, Tanga
Habari za jioni wapendwa. Jumamosi nilijaribu empanada za jibini, zile za Amerika Kusini zinazokunjwa na kujazwa kama sambusa, kwa mara ya kwanza. Sita kati ya kumi zilipasuka karaini, jibini likamwagikia mafuta na kuungua. Unga ulikuwa wa ngano, nilioukanda kama wa chapati. Wanangu wamezipenda mno zile nne zilizosalimika. Nibaki na karai au nihamie oveni?

Zuhura, Madrid
Shikamoo mama. Nimepika miaka mitatu na Waargentina hapa Madrid, na za jibini na vitunguu tulikuwa tunazioka. Nusu kilo ya unga wa ngano, gramu 100 za siagi au mafuta ya ng'ombe, chumvi, maji ya vuguvugu, kisha donge linalala kwenye friji nusu saa. Vitunguu vilainike kwa moto mdogo na vipoe kabisa, maana vikiwa vya moto jibini linaanza kuyeyuka kabla hujamaliza kufunga. Oveni digrii 200, dakika kama 20. Ukingo wanausokota kama kamba, wanauita repulgue. Unashika kuliko alama za uma.

Seif, Mombasa
Mie nasema karai. Wachile za jibini huzikaanga, na Ecuador kuna empanada de viento, yaani za upepo, kwa kuwa hufura zikabaki na uwazi ndani. Hunyunyiziwa sukari zingali moto, na ile chumvi ya jibini ikikutana na sukari, wallahi hutaacha sahani. Mafuta yafike digrii 180 hivi. Yakiwa na uvuguvugu tu, unga unayanywa.

Wanjiku, Nakuru
Mimi nilitumia unga wa ugali kwa kusikia kwamba Venezuela hutumia mahindi. Zilivunjika nikizikunja tu.

Zuhura, Madrid
Dada Wanjiku, wa kwao mahindi hupikwa kwanza ndipo yakasagwa, kwa hiyo unashikana kwa maji tu. Wa ugali ni mbichi. Mama Nuru, ulitumia jibini gani?

Mama Nuru, Tanga
Marahaba mwanangu. Mozzarella, ile inayokaa kwenye maji.

Seif, Mombasa
Basi karai halina kosa! Maji yale yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unapasua unga. Tafuta mozzarella ya kipande kikavu. Paka maji ukingoni, toa hewa yote kwa vidole, kisha ziweke friza dakika 20 kabla ya kukaanga.

Hadija, Muscat
Na manda za sambusa je? Zinapunguza kazi.

Seif, Mombasa
Kwa nyama sawa, Hadija. Kwa jibini ni nyembamba mno, linapenya pembeni. Labda jibini la maziwa na ndimu, lile haliyeyuki, lakini utakosa ule mvutano.

Mama Nuru, Tanga
Nimerudi. Nimetumia kipande kikavu na friza kama alivyosema Seif, kumi na mbili zimetoka nzima zote. Sita karaini, sita ovenini. Watoto wamezimaliza za karai na sukari yake, baba yao kashika za vitunguu za oveni, na mimi niko upande wake: unga wa siagi unavunjika mdomoni kwa namna ambayo wa chapati hauwezi. Zuhura, nieleze tena ule msokoto. Wangu unafunguka mwishoni, pale pembe zinapokutana.