Tupeane uzoefu: mtoto unampa shilingi ngapi, na kwa kazi gani?

Mama Kashata, Mtwara mjini
Habari za jioni wana Kusini. Wangu wa darasa la nne leo kaambiwa akafagie uwanja, akauliza, "Kwa shilingi ngapi?" Yaani ufagio anao mkononi, anangoja tupatane bei. Baba yake kacheka, mimi sikucheka. Jero ya shule napata tabu kuitoa kila asubuhi, bado na uwanja? Nyie wenzangu mnatoa ngapi na kwa kazi ipi?

Fundi Seremala
Kufagia kwao halipwi mtu. Ugali anakula wa nani?

Bibi wa Mikindani
Sisi siku za bamvua tulishuka pwani na bibi kuchokoa pweza. Ukipata mdogo ni wako, kauze, hela kula. Ukipata mkubwa ni wa nyumba. Basi wenzetu wanaomba Mungu awape pweza wakubwa, sisi watoto tunaomba wadogo.

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Mimi nilitenganisha. Vyombo, kufagia, kuchota maji, hizo ni za nyumba, hakuna malipo. Ila kazi inayoleta pesa, kama kuokota korosho, mtoto apate chake. Na wasioneshwe pesa kila siku, wapeni Jumamosi ya wiki nzima wajifunze kubana.

Boda wa Masasi
Ukimpa ya wiki Jumamosi, Jumapili haipo. Nimejaribu.

Mama wa Tandahimba
Mwalimu kanikumbusha balaa. Tulipatana na mwanangu, kila kisado cha korosho atakachookota shambani nampa mia mbili, ajinunulie begi la shule. Mwanzoni analeta visado viwili, vitatu. Sawa, maana mikorosho yetu ni ya urithi, mingine imeshachoka. Mara mtoto analeta debe. Kesho yake debe. Nikamwambia baba yake, mwaka huu ile dawa ya mikorosho, salfa, imekubali! Mwanaume akawa hakauki kijiweni, anawafundisha wenzie namna ya kupuliza.

Jioni moja tupo barazani, naona mjumbe anakuja, na jirani yetu wa shamba la chini, na nyuma yao msururu wa watoto. Moyo ukanipasuka, nikajua msiba. Mjumbe akakataa kiti. Akasema, "Tumekuja kuonana na tajiri." Nikamwambia baba watoto kaenda mnadani. Akasema, "Si huyo. Yule mdogo."

Kumbe mwanangu aliacha kuokota zamani. Ananunua! Watoto wa kitongoji kizima wanamletea nyuma ya banda la kuku, wengine wameokota kwao, wengine Mungu ndiye ajuaye. Anapima kwa kopo la maziwa, kopo moja andazi moja. Maandazi yenyewe kayakopa kwa jina langu. Na lile kopo, mjumbe kalishika kama kidhibiti cha mahakamani, kitako kimegongwa kikatokeza nje ili lipokee zaidi. Darasa la sita huyo!

Jirani anadai madebe yake mawili. Nitayajuaje? Korosho haina jina. Baba mtu anarudi, anakuta uwanja umejaa kama kuna ngoma. Hapo hapo katoto ka darasa la kwanza kakasogea mbele ya mjumbe, kakasema, "Mimi nadai andazi langu la jana." Watu wakaangua kicheko, hata mjumbe. Jirani tu ndiye aliyebaki na sura yake. Madebe mawili yakatoka, deni la maandazi nikalilipa mimi, begi hakununua.

Boda wa Masasi
Kangomba ya maandazi! Wenzie wananunua korosho kichinichini kwa pesa, yeye kwa andazi! 😂😂😂 Mbavu zangu.

Mkulima Halisi
Mnacheka. Kangomba ndiyo imetumaliza. Mwaka 2018 serikali ilinunua kwa 3,300 kilo, tukahakikiwa mashamba mmoja mmoja kwa sababu ya watu wa namna hiyo. Mie ningemcharaza.

Mchuuzi, Nachingwea
Wewe Halisi, kabla ya msimu mtoto akiumwa usiku unakimbilia wapi? Chama cha msingi cha ushirika? Wale wanakulipa baada ya mnada. Unakuja kwetu kwa miguu yako mwenyewe, halafu Oktoba unatutukana.

Mkulima Halisi
Nakuja kwenu na mnanipimia kwa kopo la kitako.

Fundi Seremala
Mada ni hela za watoto jamani.

Nesi wa Zamani
Kuokota sawa, lakini msiwape wabangue korosho eti kwa mia mia. Yale mafuta ya ganda yanababua ngozi, nimefunga mikono ya watoto mingi. Na wakati wa kupuliza salfa wabaki nyumbani.

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Nesi kasema kweli. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka anayeajiriwa awe amefika miaka 14, na hiyo ni kwa kazi nyepesi.

Mkulima Halisi
Kwa hiyo na kuchota maji Newala tuangalie vyeti vya kuzaliwa?

Mama Mwali
Mimi niulize jambo jingine. Binti yangu katoka unyago, katunzwa pesa nzuri, nimezichukua maana mchele na kitenge cha somo wake, yule aliyemfunda, nilikopa. Sasa ananidai, kaziandika kwenye daftari, jina la kila aliyetunza.

Bibi wa Mikindani
Mrudishie nusu. Siku ukizeeka atakuja na lile daftari.

Fundi Seremala
Asirudishe hata mia. Kuchezwa unyago ni gharama.

Mchuuzi, Nachingwea
Mama Kashata, pesa achana nazo. Mpe mtetea, mayai yake. Kufagia atafagia mwenyewe, maana kuku ndiye anayechafua.

Mama Kashata, Mtwara mjini
Kuku mjini hapa? Jioni atakuwa mchuzi wa mtu. Nitajaribu buku ya Jumamosi, kufagia hakuna malipo. Mama wa Tandahimba, tajiri yuko wapi siku hizi?

Mama wa Tandahimba
Bweni, kidato cha pili. Juzi mlezi wa bweni kanipigia simu, mche mmoja wa sabuni yeye anautoa vipande vingi kuliko dukani. Wenzie wamelalamika wembamba.