Naomba ushauri: programu niliyoirithi, niisafishe kidogo kidogo au niiandike upya?

Ndugu wanachama, salaam. Ninafanya kazi Mbale, Uganda, katika chama kimoja cha akiba na mikopo, ambako nimekabidhiwa programu ya hesabu iliyoandikwa kwa Python (lugha ya kuandikia programu) na mtangulizi wangu ambaye sasa hapatikani.

Programu inafanya kazi, lakini kuisoma ni mtihani. Kuna funksheni (kipande cha programu chenye kazi yake) moja ya mistari 640 inayopokea marejesho, kukokotoa riba, kutuma ujumbe wa simu na kuchapisha risiti, huku vigeu (majina yanayoshika thamani) vikiitwa x, x2 na x2_mpya. Kinachonitisha zaidi ni ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa kwa simu, iliyoanza mwaka 2018: namba 0.005 imeandikwa moja kwa moja katika faili 11, na katika mojawapo namba hiyo hiyo ni adhabu ya kuchelewesha rejesho, kwa hiyo siwezi kuzibadilisha zote kwa mkupuo.

Nimeshaanza kutumia Git, inayotunza historia ya mabadiliko, na kila 0.005 niliyoihakiki nimeipa jina lake mahali pamoja. Mwenzangu anasisitiza tufute tuanze upya; mimi naogopa, maana humo zimejificha kanuni za mikopo ambazo hazikuandikwa popote pengine. Je, nitangulize majaribio ya kiotomatiki yanayonasa matokeo ya sasa, hata yale ninayoyashuku, ndipo niigawe funksheni ile? Na maelezo ya zamani yaliyoandikwa ndani ya programu, yasiyolingana tena na msimbo wenyewe (mengine yanapotosha waziwazi), niyafute mara moja au niyasahihishe kila ninapoyafikia?