Tupeane uzoefu: kanuni nyingi au chache katika michezo ya kuigiza wahusika mezani?

Mwanzisha mada (Nairobi)

Ndugu wachangiaji, naomba tusimuliane jinsi kila mmoja wetu alivyobadilika kuhusu uzito wa kanuni katika michezo hii, ambayo kila mchezaji huigiza mhusika wake na msimamizi huongoza hadithi. Nianze mimi. Nilijifunzia mchezo wa Dungeons & Dragons katika toleo la 3.5, lililotoka mwaka 2003, na sehemu niliyoipenda ndiyo iliyowachosha wengi. Aliyetaka kumkaba adui kwa kawaida alijiweka kwanza katika hatari ya kupigwa pigo la bure, kisha akatupa dadu kuona kama amemgusa, kisha wote wawili wakatupa dadu kushindana nguvu, huku ukubwa wa miili yao ukiongeza au kupunguza alama. Toleo la tano, la mwaka 2014, liliyakusanya hayo yote katika shindano moja. Wenzangu walifurahi. Mimi niliona nimenyang'anywa kitu, kwa kuwa zile hatua ndizo zilizonifanya nimwone adui kama mtu mwenye mwili na uzito wake. Hata hivyo, siku hizi tunacheza Ijumaa usiku baada ya kazi, na sina hamu ya kurudi kwenye 3.5.

Bibi wa Dadu (Minneapolis)

Ndugu yangu, mimi nimekwenda njia iliyo kinyume na yako. Kundi letu la Wakenya na Watanzania tuishio huku lilianza na mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010, ambayo hutumia dadu mbili za pande 6: ukipata 10 au zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama fulani, na ukipata 6 au pungufu, msimamizi ndiye anayeamua balaa gani linafuata. Wachezaji walielewa upesi mno. Lakini uzito uliotoka kitabuni ulihamia kwangu mimi msimamizi, kwa sababu kila 7 hadi 9 iliweza kunidai papo hapo gharama yenye haki, inayoendana na hadithi, tena niieleze kwa Kiswahili ilhali mifano yote ya kitabu ni ya Kiingereza. Kabla mchezo haujafika nusu, akili yangu ilikuwa imekauka.

Sasa tunacheza toleo la pili la mchezo wa Pathfinder, la mwaka 2019, ambalo kitabu chake kikuu kina kurasa zaidi ya 600. Kila mchezaji ana vitendo vitatu katika zamu yake, na matokeo ya dadu yana madaraja manne, ambayo mara nyingi yameelezwa yote kwa maandishi. Watu hunionea huruma kwa unene wa kitabu kile, nami naona ndicho kilichonipa mapumziko.

Mpita Njia (Tanga)

Dada, msimamizi kweli anapumzika, ila wachezaji nao huzama kwenye karatasi. Nilipoongoza mchezo huohuo na kusema kuna mtu amejificha nyuma ya pazia, wachezaji walitazama orodha ya ujuzi wao kabla ya kulitazama pazia. Nimehamia Old-School Essentials, iliyopanga upya kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 1981, ambako wahusika wengi hawana orodha ndefu ya ujuzi, na mchezaji hulazimika kueleza analofanya kwa mkono wake.

Mkongwe (London)

Vijana huizungumzia THAC0 (namba uliyohitaji kwenye dadu ili kumpiga adui mwenye kinga ya 0) ya toleo la pili la Dungeons & Dragons, la mwaka 1989, kama kwamba ilikuwa adhabu. Ilikuwa kutoa tu: mwenye THAC0 ya 16 akimlenga adui mwenye kinga ya 3 alihitaji 13 kwenye dadu ya pande 20. Kilichowachanganya watu ni kwamba kinga ilivyokuwa bora ndivyo namba yake ilivyoshuka, na toleo la mwaka 2000 likaligeuza hilo.

Kwa maoni yangu, ladha haikubadilika kwa sababu ya ugumu pekee. Wanaokuja mezani kwangu sasa wengi wametazama michezo hii ikichezwa mtandaoni, kama kipindi cha Critical Role kilichoanza kurushwa mwaka 2015, na wanatarajia sauti za wahusika na mahusiano yao. Sisi tulitoka kwenye michezo ya vita, tukihesabu hatua za ramani.

Kete Namua (Unguja)

Nasoma nikijiuliza kama tatizo ni wingi wa kanuni au ni kuzisoma. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni. Namua, yaani awamu ya kuingiza kete za mkononi, ina masharti yake, nyumba, lile shimo maalumu, ina yake, na mtaji, awamu ya kete za mkononi zikiisha, ukiingia mambo hubadilika tena. Lipo bao la kujifunza, ambalo kete hupangwa mbilimbili tangu mwanzo, lakini wengi tuliowajua walilifahamu bao kwa kukaa kando ya wakubwa barazani, wala hawakupewa kitabu. Kwa hiyo mchezaji mpya mezani kwangu hukaa kwanza kama mtazamaji, akiwa na ruhusa ya kuuliza chochote, na kitabu simpi mpaka akiombe mwenyewe.

Bibi wa Dadu (Minneapolis)

Ndugu wa Unguja, huyo mtazamaji akiuliza, anayemjibu ni wewe msimamizi au ni wachezaji?

Kete Namua (Unguja)

Wachezaji, dada. Mimi huingilia pale tu wanapotofautiana, na hapo ndipo kitabu hufunguliwa.