Naomba ushauri: Halloween na watoto wadogo, mnaipitaje?

Habari zenu wazazi wenzangu. Tuko Minneapolis, Marekani, nina wa miaka 5 na mdogo wake wa miaka 2. Oktoba 31 inakaribia na mkubwa hanipi pumzi: anataka avae vazi la simba, apite nyumba kwa nyumba kuomba pipi kama wenzake wa shule. Sina shida na hilo, ila baridi ya huku mnaijua. Vazi lenyewe jepesi kama chandarua. Koti likikaa juu, simba haonekani, na vilio vinaanzia mlangoni. Je, ninunue saizi kubwa ili koti likae ndani?

Anayeniumiza kichwa hasa ni mdogo. Anaogopa yale mafuvu watu wanayotundika barazani, halafu ana mzio wa karanga. Najua nyumba yenye boga la samawati-kijani mlangoni hutoa zawadi zisizo za kula, lakini mtaani kwetu sijaliona hata moja.

Niwapeleke mchana kwenye maegesho ya kanisa, wanapogawia pipi kwenye buti za magari? Au niwashe taa ya nje, tubaki nyumbani tugawe sisi? Baba yao yuko zamu ya usiku, niko peke yangu na wote wawili.