Je, rekodi ya 29–0 inatosha kumfanya Khabib Nurmagomedov kuwa mpiganaji bora wa wakati wote?

Kila jina la Khabib, Mrusi aliyekuwa bingwa wa uzani mwepesi, linapotajwa, hutokea mtu akasema kwamba mpiganaji ambaye hajawahi kushindwa ndiye bora kuliko wote na kwamba hapo hakuna tena cha kujadili. Hoja hiyo siikubali, ingawa katika mapigano mseto (MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka) sijaona mtu niliyefurahia kumtazama kuliko yeye, na ningependa wenzangu waipime nami kwa utulivu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kati ya mapambano 29 aliyoshinda, 16 aliyapigana kabla hajaingia UFC, shirika kubwa zaidi la mchezo huu, mwaka 2012, mengi yakiwa dhidi ya wapinzani ambao hata mashabiki wake wakubwa hawawezi kuwataja kwa majina. Yanabaki 13, na kati ya hayo ni manne tu yaliyokuwa ya ubingwa. La kwanza, la Aprili 2018, alikutana na Al Iaquinta, aliyeitwa siku moja kabla ya pambano na ambaye asingepewa mkanda hata kama angeshinda, kwa kuwa mizani ilionyesha ratili 155.2 wakati kikomo kilikuwa 155. Kwa hiyo mapambano ya ubingwa aliyoshinda bila walakini ni matatu: dhidi ya Conor McGregor, Dustin Poirier na Justin Gaethje.

Wapo wanaomlaumu kwa kutopigana na Tony Ferguson, na hapo namtetea. Pambano hilo lilipangwa mara tano likavunjika mara tano: mara mbili Khabib ndiye aliyeshindwa kufika, mara mbili Ferguson, na mara ya mwisho, Aprili 2020, likazuiwa na janga la korona. Lakini siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba, kwa kuwa Gaethje alimshinda Ferguson na Khabib akamshinda Gaethje, basi deni hilo limelipwa. Katika mchezo huu mtindo wa mmoja humsumbua huyu na usimguse kabisa yule, na pambano ambalo halikupigwa haliwezi kuhesabiwa kwa upande wowote.

Ukubwa wake hasa unaonekana katika namna alivyoshinda. Poirier alimnasa shingo kwa kabali ya mbele katika raundi ya tatu, watu wakadhani rekodi inavunjika, naye akajinasua na muda mfupi baadaye akamkaba Poirier kutoka nyuma mpaka akasalimu amri. Kisha likaja pambano la Gaethje, Abu Dhabi, tarehe 24 Oktoba 2020. Gaethje alimpiga mateke ya mguu yanayowarudisha nyuma wapiganaji wengine, lakini Khabib aliendelea kumfuata, akimnyima nafasi ya kuvuta pumzi. Katika raundi ya pili alimwangusha, akamkalia juu, kisha akamfunga kwa miguu, shingo na mkono mmoja vikiwa vimebanwa katikati ya mapaja. Gaethje aligonga kuomba kuachiwa, mwamuzi hakuona mara moja, na pambano liliposimamishwa alikuwa ameshapoteza fahamu. Khabib alianguka kifudifudi katikati ya ulingo akilia. Baba yake, Abdulmanap, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wake tangu utotoni, alikuwa amefariki Julai mwaka huo, na dakika chache baadaye Khabib alitangaza kwamba alimwahidi mama yake kutopigana tena bila baba. Anayesema alistaafu kwa kuogopa kupoteza rekodi anamkosea sana.

Vurugu alizozianzisha kwa kuruka uzio baada ya kumshinda McGregor mwaka 2018 ni doa, hata kama matusi ya McGregor dhidi ya familia na dini yake yalivuka mpaka. Alifungiwa miezi tisa na kutozwa faini ya dola 500,000, na adhabu hiyo ilimstahili.

Ila kustaafu kwa heshima akiwa na umri wa miaka 32 hakumpi mtu ushindi wa mapambano ambayo hakupigana. Mlinganishe na Georges St-Pierre, bingwa wa Kanada ambaye mimi namweka juu yake: alishindwa mara mbili, na wote wawili waliomshinda aliwarudia akawashinda. Alitetea mkanda wake mara tisa mfululizo, kisha akarejea mwaka 2017 baada ya mapumziko ya miaka minne na kutwaa ubingwa wa uzani ulio juu ya ule aliouzoea. Kwangu mimi, mtu aliyeanguka akaonyesha namna ya kuinuka ametuachia ushahidi ambao Khabib hakupata nafasi ya kuutoa.

Kwa hiyo namweka Khabib kuwa bora katika historia ya uzani mwepesi, si wa uzani wote. Kama kuna urithi wake unaoweza kunibadilisha msimamo, ni ule wa ukocha: Islam Makhachev, aliyelelewa katika mazoezi yaleyale ya Dagestan, jamhuri ya Urusi anakotoka Khabib, alitwaa mkanda uleule Oktoba 2022 huku Khabib akiwa kwenye kona yake. Anayemweka juu ya St-Pierre naomba aniambie: je, anahesabu na mafanikio ya wanafunzi, au anahesabu yale mapambano manne peke yake?